Forester ya turbo na filta ya koni: kabla hujalipa

Msomaji wetu wa Ruaka ana Subaru Forester SG5 ya mwaka 2004, ile Cross Sports ya lita 2 yenye turbo na gia za otomatiki. Duka moja la spea Kirinyaga Road limemwonyesha seti ya bomba la aluminiamu la milimita 76 pamoja na filta ya koni, na muuzaji amemwahidi farasi 20 zaidi bila kugusa kompyuta ya gari. Ameshauriwa pia aongeze vali ya kutoa hewa nje, ile yenye mlio kila unapoachia mafuta. Gari linatembea Nairobi kila siku, wikendi linakwenda Nakuru, mara kwa mara linapita barabara ya vumbi kwenda kwao Kitui, na Desemba linashuka Mombasa. Anauliza kama seti hiyo inafaa, na kama haifai, pesa hizo azipeleke wapi.

Ndugu yangu, kwa gari lako lilivyo leo, usiifunge. Sisemi hivyo kwa sababu napinga watu kuboresha magari yao. Nasema hivyo kwa sababu kila kitu kilichomo kwenye seti hiyo kinagusa jambo ambalo injini yako inalitegemea ili isife, na faida uliyoahidiwa haiwezi kupatikana kwa njia uliyoelezwa.

Anza na namna turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukuma hewa ndani ya injini, inavyoamuliwa ifanye kazi kiasi gani. Kwenye injini isiyo na turbo, hewa inaingia kwa kuvutwa na pistoni peke yake, kwa hiyo ukilegeza njia, hewa zaidi inaingia na nguvu inapanda kidogo. Kwako si hivyo. Kompyuta ya Subaru ina shabaha ya shinikizo ndani ya menifoldi, yaani mabomba yanayoigawa hewa kwenye silinda. Ikiona shinikizo limefika pale inapotaka, inatumia solenoidi, vali ndogo ya umeme, kuifungua westigeti, yaani mlango wa pembeni wa moshi; moshi unapita pembeni ya turbo, na busti, yaani shinikizo la ziada la turbo, inaacha kupanda. Ukiipa njia pana zaidi mbele ya turbo, shabaha haibadiliki. Westigeti itafunguka mapema kidogo tu, na turbo itafika kwenye shabaha ileile kwa jasho pungufu. Hiyo ni faida ya kweli, ila ni ya kuipunguzia turbo mzigo na kuifanya iamke upesi kidogo. Farasi 20 hawatoki hapo.

Mzigo huo kwa sisi wa Nairobi ni mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 82, wakati Mombasa ni 101. Chukua mfano wa busti ya bar 0.8, yaani kilopaskali 80, ukiwa pwani: jumla ndani ya menifoldi ni kilopaskali 181, na turbo imeizidisha hewa mara 1.8 hivi. Ukitaka jumla hiyohiyo Nairobi, turbo lazima iizidishe mara 2.2. Sasa hewa ikibanwa inapata joto, hata bila moto wowote. Kwa kompresa, ule upande wa turbo unaobana hewa, yenye ufanisi wa asilimia 70 na hewa inayoingia ikiwa nyuzi 27, pwani turbo inaongeza joto la takribani nyuzi 80. Nairobi inaongeza karibu 110. Hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi zaidi ya 135 kabla haijapita kwenye intakula, kile kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini.

Tuseme filta yako imeziba mpaka inapoteza kilopaskali 3 kabla ya turbo. Ule uwiano wa turbo kuizidisha hewa unapanda kutoka 2.2 hadi 2.3, na joto la kutokea turbo linaongezeka kwa kama nyuzi 6. Si kitu cha kupuuza. Lakini linganisha na hili: chukua filta ya koni, iweke wazi ndani ya boneti, gari likitoka kwenye msongamano wa Waiyaki Way. Filta sasa inavuta hewa ya nyuzi 57 badala ya 27. Zile nyuzi 30 zinaingia kwenye turbo na kuzidishwa, zinatoka zikiwa kama 40. Umeondoa kizuizi cha nyuzi 6 ukaleta joto la nyuzi 40. Gari likishika mwendo, boneti inapoa na tofauti inapungua, hilo nakubali. Ila pale unapotoka kwenye foleni na kukanyaga mafuta ili uingie barabara kuu, ndipo unapoihitaji nguvu, na ndipo koni iliyo wazi inakunyima.

Boksi la filta la kiwandani ambalo muuzaji anataka ulitupe linavuta hewa ya nje, kutoka mbele nyuma ya grili. Limefungwa pande zote. Turbo yako ni ndogo, aina ya TD04, na kwa maoni yangu boksi hilo likiwa na filta safi si kikwazo kwake.

Huna haja ya kuniamini kwa maneno. Kipimo chake ni rahisi, na kinagharimu mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wa mita tatu hivi, kama ule wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa. Ukunje kama herufi U, ufunge kwenye ubao, ujaze maji mpaka kila upande uwe na kama sentimita 60, tia rangi kidogo ili yaonekane. Upande mmoja uache wazi. Upande wa pili fundi auunganishe kwa mpira mrefu kwenye tundu dogo lililo kati ya filta na turbo. Ubao ukae ndani ya gari, umeshikwa na abiria, simu ikirekodi. Tafuta kipande cha barabara kilicho wazi, weka gia ya pili, kanyaga mafuta yote mpaka mizunguko 5,500, kisha achia. Angalia video: tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili ndiyo hasara yako. Sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1. Ukipata chini ya sentimita 20, liache boksi lako kwa amani. Ukipata 35 au 40, badilisha filta upime tena. Ikiwa bado iko juu, ondoa ule mdomo wa mbele wa boksi upime mara ya tatu, na utajua kama tatizo ni filta au ni mdomo. Nimeona mdomo wa namna hiyo umezibwa na majani makavu na mfuko wa plastiki, na mwenye gari alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya turbo mpya.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni lile bomba la milimita 76.

Mara tu baada ya filta kuna senso ya hewa, ambayo mafundi wengi wanaiita eaflo. Ni kidude kidogo kilichoshikiliwa na skrubu mbili. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake ndio unaoiambia kompyuta hewa ni kiasi gani. Ila kidude hicho hakipimi hewa yote. Kinaonja sehemu ndogo inayopita kwenye tundu lake, halafu kompyuta inazidisha kwa jedwali lililotengenezwa kiwandani kwa kipenyo kilekile cha bomba la kiwandani. Ukikihamishia kwenye bomba pana zaidi, hewa ileile inapita polepole, waya unapoa kidogo, na kompyuta inaamini hewa ni pungufu. Kutoka milimita 70 kwenda 76, kwa mfano, yanaonekana mabadiliko madogo, lakini eneo la bomba linapanda kwa asilimia 18. Kompyuta itapunguza petroli kwa kama asilimia 15, wakati hewa halisi haijapungua hata kidogo.

Ukiwa unaendesha taratibu hutaona kitu. Senso ya oksijeni kwenye ekzosi inagundua kwamba petroli haitoshi, na kompyuta inaongeza polepole mpaka inasawazisha. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika: gari linawaka vizuri, halina taa ya injini, wanasema mambo ni sawa. Lakini ukikanyaga mafuta yote, kompyuta inaacha kusikiliza senso hiyo na kutegemea jedwali pamoja na yale iliyokwisha kujifunza, na yale iliyojifunza kwenye mwendo wa taratibu huenda yasilingane na hewa ya busti kamili. Injini ya turbo ikiwa kwenye busti inataka petroli nyingi kuliko kawaida, uwiano wa karibu 11 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa sababu petroli ile ya ziada ndiyo inayopoza ndani ya silinda. Ukiipunguza, joto linapanda, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inapigwa kutoka juu. Kinachovunjika kwanza mara nyingi ni kuta nyembamba kati ya mifereji ya ringi.

Na wewe huna akiba ya petroli ya kukusamehe. Injini yako ilipangwa Japani kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vyao okteni yake, yaani uwezo wake wa kustahimili kulipuka mapema, haishuki chini ya 96. Super ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kompyuta inajitahidi kwa kurudisha nyuma muda wa kuwasha plagi, na ndiyo maana magari haya yanaishi hapa, lakini nafasi iliyobaki ni finyu. Usiimalize kwa ajili ya bomba.

Kuna uvujaji pia, na hapa nadhani ndipo farasi wako wengine walipo sasa hivi. Kutoka kwenye boksi, hewa inapita kwenye bomba lililopinda chini ya menifoldi mpaka kwenye turbo, upande wa nyuma kulia wa injini. Ni bomba la miaka zaidi ya 20 lililokaa kwenye joto. Linakakamaa na kupasuka, hasa ikiwa injini iliwahi kushushwa na kurudishwa na fundi mwenye haraka. Ufa ukiwa hapo, turbo inavuta hewa ambayo senso haikuiona, pamoja na vumbi lote la Kitui ambalo halikupita kwenye filta. Ufa ukiwa baada ya turbo, kwenye hosi ya intakula au klampu iliyolegea, kinyume chake kinatokea: hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoroka wakati wa busti, petroli inazidi, moshi mweusi unatoka nyuma na gari linakuwa zito.

Mwambie fundi aondoe bomba baada ya senso, azibe mdomo kwa kizibo chenye vali ya tairi, apulize hewa ya kompresa taratibu, bar 0.5 mpaka 0.7 tu, asizidishe. Maji ya sabuni yapakwe kila kiungo. Povu litakuonyesha. Hewa kidogo kusikika kwenye mfuniko wa oili ni kawaida, kwa sababu mfumo wa pumzi ya injini, ule unaotoa mvuke wa ndani ya injini, umeunganishwa hapo. Povu kwenye bomba, kwenye hosi au kwenye kingo za intakula si kawaida.

Wakati bomba liko nje, chukua kitambaa cheupe upanguse ndani yake, upande wa turbo. Mafuta mepesi mepesi yatakuwepo, hayo ni ya pumzi ya injini. Lakini ukiona matope ya rangi ya udongo, vumbi linapita. Mulika tochi kwenye mdomo wa turbo uangalie kingo za mapanga ya kompresa. Yanazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo chembe ya mchanga inakwangua chuma. Kingo zikiwa kali na zinang'aa, shukuru. Zikiwa zimefifia na kuwa butu, hakuna bomba la aluminiamu litakalokurudishia nguvu ile.

Kwa njia zako za vumbi ningekaa na filta bapa ya karatasi yenye ubora, ya saizi ya kiwandani, na kuibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Filta za kitambaa zinazopakwa mafuta zinaoshwa na kutumika tena, na watu wanazipenda kwa hilo. Ila fundi akizipaka mafuta kupita kiasi, yanarushwa mpaka kwenye waya wa senso, na uchafu ukiganda hapo vipimo vinaharibika. Kama unataka kuzilinganisha filta, uliza kama zimepimwa kwa ISO 5011, ambacho ndicho kipimo cha kimataifa cha filta za hewa za injini. Kinaonyesha zinazuia vumbi kiasi gani na zinabana hewa kiasi gani. Filta inayojisifu kwa kupitisha hewa tu, bila kusema lolote kuhusu vumbi, sidhani inafaa kwa gari la Kitui.

Vali ya kutoa hewa nje iache. Gari lako linarudisha hewa hiyo kwenye bomba la kuingilia, baada ya senso, kwa sababu imekwisha kuhesabiwa. Ukiitupa nje, kila unapoachia mafuta kompyuta inamimina petroli ya hewa isiyokuwepo. Utapata moshi, milipuko kwenye ekzosi na plagi nyeusi. Kama vali ya kiwandani imezeeka na inavuja kwenye busti, badilisha kwa nyingine inayorudisha hewa ndani. Najua mlio unavutia, na hakuna ubaya mtu kupenda sauti ya gari lake. Lakini kwa injini inayotumia senso ya hewa, sauti hiyo ina gharama.

Kwa hiyo pesa zako ziende hivi. Kwanza upimaji wa uvujaji na bomba la kuingilia, hata kama ni kununua la silikoni la kipenyo kilekile, kwa sababu likibadilishwa kazi yake ni kubwa na hutaki kuirudia. Halafu filta, plagi, na kusafisha senso kwa dawa yake maalumu, si kwa dawa ya kabureta na si kwa kuigusa. Kisha tazama intakula yako iliyo juu ya injini. Kati yake na lile tundu la boneti kuna sponji ya kuziba ili hewa ya mbele ilazimike kupita ndani ya mapezi. Magari mengi ya umri huu sponji hiyo imeoza, hewa inapita pembeni, na intakula inabaki kukaa juu ya injini yenye moto bila kupozwa. Kuirudishia ni kazi ya saa moja na vipande vya mpira, na kwa gari la foleni za Nairobi naiona ina thamani kuliko seti nzima uliyoonyeshwa. Mwisho soma marekebisho ya petroli kwenye kompyuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Si kila kifaa cha bei rahisi cha Bluetooth cha kusomea kompyuta ya gari kinachoelewana na Subaru ya soko la Japani, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Yakikaa ndani ya asilimia 5 juu au chini, injini yako iko vizuri. Yakiwa asilimia 15 juu, bado kuna hewa inaingia bila kuhesabiwa, rudi kwenye sabuni.

Kuna siku pengine utataka kwenda mbali zaidi: turbo kubwa, busti ya juu. Hapo bomba jipya lina maana, kwa sharti kwamba filta yake iko ndani ya boksi lililofungwa na linalovuta hewa ya nje, na kwamba kompyuta inaprogramiwa upya kwa bomba hilohilo, kwa kutumia senso pana ya oksijeni, ile inayopima uwiano kamili wa hewa na petroli, na fundi anayerekodi data badala ya kusikiliza kwa sikio. Mwulize fundi huyo swali moja kabla hujampa funguo: atafanyaje kuhusu Mombasa? Gari likiprogramiwa Nairobi tu, kuna sehemu za jedwali ambazo halikuzigusa hata mara moja, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi na injini haikufika kwenye mzigo huo. Desemba ukishuka, hewa inazidi kuwa nzito, na mahali fulani baada ya Voi, kama mita 600 juu ya bahari, injini inaingia kwenye namba ambazo hakuna mtu aliyezikagua. Fundi mzuri atakuwa ameziacha zikiwa na petroli ya kutosha na muda wa plagi wa kujihadhari, na atakuomba urekodi safari ya kwanza. Mpaka ayaone mafaili hayo, kutoka Voi kwenda chini endesha bila kukanyaga mafuta yote, na weka petroli ya okteni ya juu kabisa utakayoipata njiani.